Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ukuta wa Bugarika na Funzo la Thimlich Ohinga

Ndugu wanachama,

Katiba inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila mwaka mbele ya mkutano mkuu. Ya mwaka huu nimeiandika na kuituma kwa kila mwanachama, wakiwemo wale ambao hatujaonana kikaoni tangu kamati hii iingie madarakani, ili kila mmoja awe na maneno yangu mkononi badala ya yale yanayosemwa vijiweni kuhusu kubomolewa na kujengwa upya kwa ukuta wetu wa mfano.

Shughuli za kawaida sitazikalia, mnazijua. Vikao vya wanachama vilikuwa vitatu na vya kamati sita. Vijana tisa walimaliza mafunzo ya kupanga mawe. Wanafunzi walikuja kiwanjani kwetu Bugarika, hapa Mwanza, kwa makundi, zaidi siku za Jumamosi. Tulitembelea makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Mwezi Juni wanachama 14 walivuka mpaka wa Sirari kwenda kuiona Thimlich Ohinga, ngome ya kale ya mawe nchini Kenya. Kila mmoja alijilipia hati ya safari na chakula, chama kikalipa gari. Tuliongeza vifaa: mitaimbo miwili, nyundo kubwa tatu, tindo, kabari za chuma na toroli moja. Toroli ya zamani haijarudi, na aliyeichukua namwomba airejeshe.

Sasa niingie kwenye ukuta.

Ukuta wetu wa mfano ulijengwa kabla sijawa mwenyekiti, urefu mita 12, kimo mita 1.8, ukiwa na mlango mmoja. Ulikusudiwa kumwonyesha mkazi wa Mwanza jinsi ngome za mawe za kando ya ziwa zilivyojengwa. Mwezi Aprili, masika yalipokolea, upande wa bondeni ukaota tumbo. Kiasi cha mita 4 kutoka mlangoni, kati ya goti na kiuno, mawe yalikuwa yametoka nje ya mstari kwa sentimita 11. Nilipima mwenyewe kwa timazi mara tatu, na kila baada ya mvua kubwa kipimo kiliongezeka. Chini ya ukuta huo kuna kinjia cha watoto wa shule, asubuhi na jioni. Kikao cha Mei kikaitishwa kuamua kama tuubomoe. Kati ya wanachama 64 walihudhuria 14. Akidi ni theluthi moja, yaani 22.

Nimelaumiwa kwamba nilibomoa mali ya wanachama bila akidi. Akidi haikutimia, ni kweli, na sijawahi kulificha hilo. Lakini ibara ya dharura katika katiba yetu inaipa kamati mamlaka ya kuchukua hatua pale usalama wa watu unapokuwa hatarini. Kamati ya watu saba ilikaa jioni ile ile. Sita wakaunga mkono, mmoja akapinga, na muhtasari upo kwa katibu kwa yeyote anayetaka kuusoma. Ujumbe wa kuitisha kikao ulitumwa kwa wanachama wote siku kumi kabla. Zaidi ya watu 30 niliwapigia simu mimi mwenyewe, na wengi wao waliniambia wanakuja. Mwenzetu ambaye hakufika Mei kusema ukuta usiguswe, kisha akaja Agosti kuuliza kwa nini umeguswa, haki ya kuuliza anayo. Ningefarijika zaidi angeitumia haki hiyo Mei.

Kubomoa kulianza wiki iliyofuata, kutoka juu kwenda chini, kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa mawe baada ya mwingine, huku kinjia kimefungwa. Kilichoonekana ndani kilinithibitishia kwamba hatukukosea. Nyuso zote mbili zilikuwa za mawe mazuri, lakini katikati palijazwa udongo na changarawe kwa koleo. Mishono ya nje, yaani mianya kati ya jiwe na jiwe, ilizibwa kwa saruji ili ukuta uonekane nadhifu. Mawe mengi yalilazwa ubavu, upande mrefu ukitazama nje, ili jiwe moja lifunike nafasi kubwa. Jiwe lenye urefu wa sentimita 50 likawa limeingia ukutani sentimita 15 tu. Hapakuwa na hata jiwe moja la kufungia, yaani lile linalotoka uso huu hadi uso wa pili. Na palepale penye tumbo, mshono mmoja ulipanda wima kozi nne bila kukatishwa na jiwe.

Mvua ikinyesha milimani kwetu haina pa kuzama, inateremka juu ya mwamba. Iliingia ukutani kwa juu na kwa upande wa mlimani, udongo wa katikati ukanywa maji, ukavimba, ukawa mzito, na saruji ikayazuia maji yasipate pa kutokea. Ukuta ukawa tangi. Uzito ule ukayasukuma nje mawe ambayo hayakuwa na mkia, yaani ncha ndefu inayoingia ndani ya ukuta, wa kuyashika. Aliyeujenga ni fundi mwenzetu na simtaji jina, kwa sababu alifanya alivyoagizwa. Lakini wanaosema mvua tu ndiyo iliyotuponza wafike nyumbani kwangu waone picha 46 nilizopiga.

Kwa faida ya wanachama wapya, na kwa wale waliouliza kwa nini tunaiga ngome ya nchi jirani, naeleza. Thimlich Ohinga iko kaunti ya Migori, kaskazini magharibi mwa mji wa Migori, katika bonde hili hili la Ziwa Victoria. Jina ni la Kijaluo. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha, ohinga ni ngome, na zikiwa nyingi huitwa ohingni. Juu ya mteremko wa kilima kuna maboma makubwa manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Kolouch. Ujenzi wake unakadiriwa kuwa wa karne ya 16. Jamii zilizofuatana mahali pale zilizikuta kuta, zikaishi ndani yake na kuzitengeneza palipobomoka, na utamaduni wa kukaa katika maboma ya namna hiyo uliendelea hadi karne ya 20. Serikali ya Kenya ilipatangaza kuwa mahali pa urithi wa taifa mwaka 1981, na mwaka 2018, katika kikao cha Manama, Bahrain, pakaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kuta zake hazina tope, chokaa wala saruji. Zina kimo cha kuanzia mita moja na nusu hivi hadi zaidi ya mita nne, na mawe yake hayakuchongwa. Yamechaguliwa na kupangwa. Ukuta una sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa yanayozishikanisha nyuso hizo mbili. Hauendi mstari mnyoofu, unapindapinda, na kila pindo linauegemeza ukuta wenyewe usiangukie upande mmoja. Palipohitaji nguvu zaidi wajenzi waliongeza egemeo la mawe. Milango ni mifupi na myembamba, imefunikwa juu kwa mawe marefu, na karibu yake kuna mahali palipoinuliwa pa mlinzi. Adui alilazimika kuinama na kuingia mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Ndani kulikuwa na maboma madogo ya mifugo, vijia na misingi ya nyumba.

Mvua za bonde hili zimezipiga kuta hizo kwa zaidi ya miaka 400. Maji yanaingia na maji yanatoka, kwa sababu katikati ni mawe na kila mshono ni mlango wa maji. Ukuta unaweza kutitia kidogo, mawe yakasogea nusu sentimita na kukaa upya, pasipo ufa. Saruji haijui kutitia. Ikipasuka imepasuka, na ufa wake unakuwa mfereji. Hili ndilo jibu langu kwa wanachama wanaosema ukuta bila saruji ni hatari kwa watu. Uliotaka kuwaangukia watoto ndio uliokuwa na saruji.

Mawe yetu, lakini, si kama ya kule, na hapa naomba mafundi wanisikilize vizuri. Ya Thimlich yanaokotwa kilimani yakiwa na pembe na nyuso bapa, yanakaa. Kule Great Zimbabwe, magofu ya mawe ya kusini mwa Afrika, mawe ni matale ya granaiti kama ya Mwanza, lakini miamba yake inabanduka yenyewe kwa mabamba, ndiyo maana kozi zake zimenyooka kama matofali. Matale yetu ni ya mviringo. Jiwe la mviringo halikai juu ya jiwe la mviringo, na ni lazima lipasuliwe. Njia ya moto wanayotumia wapasua kokoto wetu, kuchoma kuni juu ya jabali mpaka lipasuke, inatoa jiwe haraka, lakini jiwe lililoungua lina nyufa ndogo za ndani na ukiligonga linatoa sauti nzito kama ya chungu kilichopasuka. Linafaa kujazia katikati. Halifai kufungia na halifai kabisa kuwa linta, yaani jiwe refu linalolala juu ya mlango. Ya kufungia na ya linta tuliyapasua kwa kabari: unatoboa vishimo kwa mstari kila baada ya sentimita 12 hivi, unapachika kabari, unazigonga kwa zamu, moja baada ya nyingine bila kukazania moja, mpaka mlio ubadilike. Hapo unaacha jiwe lijipasue lenyewe.

Ujenzi upya ulifanyika Julai, wakati wa kiangazi, kwa siku tisa, nami nilikuwepo siku zote tisa. Msingi ulichimbwa upana wa mita 1.3. Palipokuwa na udongo tulishuka sentimita 40 hadi ardhi ngumu. Palipokuwa na mwamba unaoteremka tulikata vidato, maana jiwe ukiliweka juu ya mwamba wa mteremko bila kidato litateleza tu, leo au mwakani. Mawe makubwa kuliko yote yalikaa chini. Kitako cha ukuta ni mita 1.1 na juu sentimita 60, kwa hiyo kila uso umelala ndani sentimita 25 kuanzia chini hadi juu. Tulitengeneza fremu mbili za mbao zenye umbo hilo, moja kila mwisho, tukavuta kamba kati yake, na kamba ikawa inapandishwa kila kozi.

Kila jiwe liliingizwa mkia ndani, ncha ndefu ikielekea katikati ya ukuta hata kama uso wake wa nje unabaki mdogo. Kila jiwe lilikalia mawili na kukatisha mshono wa chini yake. Katikati palijazwa kwa mkono, jiwe moja moja, likikabwa lisitikisike. Koleo nililipiga marufuku, na vijana wawili waliokutwa wanamwaga kokoto kwa ndoo walitoa yote na kuanza upya. Katikati ilijazwa sambamba na nyuso, haikuachwa nyuma hata kozi moja. Mawe ya kufungia yako kwenye kimo cha sentimita 60 na tena mita 1.2, moja kila baada ya mita, jumla 22. Ukuta tuliupa mapindo mawili kwa mfano wa Thimlich, na upande wa bondeni tuliongeza egemeo moja, pale pale penye tumbo la zamani.

Mlango nao umeleta maneno. Una kimo cha mita 1.1 na upana wa sentimita 70. Wageni wanainama, na wanachama wawili wameniandikia kwamba ni kuwadhalilisha watu wazima. Jamani, mlango wa ngome ndivyo ulivyo. Zaidi ya hapo kuna sababu ya kifundi. Granaiti inabeba uzito mkubwa sana ikikandamizwa, lakini ikikunjwa inakatika. Linta ndefu ya jiwe inapinda chini isivyoonekana, kisha siku moja inakatika katikati. Upana wa sentimita 70 unatuweka salama na mawe tuliyonayo yenye unene wa sentimita 20, yakikalia ukuta sentimita 30 kila upande. Kwa kuwa ukuta ni mnene, haitoshi linta moja. Ziko nne, zimelala bega kwa bega kutoka uso wa nje hadi wa ndani. Juu yake kuna nusu mita ya mawe ya kuzikandamiza mahali pake. Mzee asiyeweza kuinama ataoneshwa ngome kwa upande wa nje, ambako ndiko kwenye uso mzuri.

Baada ya mvua za vuli nilipima tena. Ukuta umetitia sentimita 2 kwa juu, kama ilivyotarajiwa, na tumbo hakuna.

Lililobaki ni matunzo. Kinachoziua kuta za namna hii ni mizizi, mbuzi na miguu ya watu. Mbegu inaota kwenye vumbi lililoingia katikati, na mti ukishanenepa unasukuma nyuso zote mbili, kisha ukianguka unakwenda na ukuta. Mche mchanga ung'olewe mara moja. Ukishapita unene wa kidole gumba usiung'oe, maana utatoka na mawe. Ukate karibu na ukuta, na chipukizi zikate kila zinapotokea. Mawe ya juu kabisa tumeyasimamisha kwa ubavu, mazito, yashikane. Likitoka moja, lirudishwe siku hiyo hiyo kabla la pili halijafuata. Na hakuna kupanda juu ya ukuta kwa ajili ya picha, hata kama mgeni ni mkubwa wa namna gani.

Kuhusu fedha. Ukuta uligharimu shilingi 1,915,000: mafundi watatu kwa siku tisa 945,000, vibarua wanne 540,000, tripu mbili za mawe 280,000, na mbao, kamba, usafiri na chakula 150,000. Theluthi mbili ya mawe ni ya ukuta wa zamani, isipokuwa hivyo tungenunua tripu nyingine tatu au nne. Wanaosema fedha hizi zilikuwa za banda la wageni wanasema kweli: shilingi 1,400,000 zilitengwa kwa ajili ya banda. Banda pembeni ya ukuta unaoanguka ni la kumkingia nani mvua? Nilichagua ukuta, na uamuzi huo ni wangu.

Tulianza mwaka na shilingi 2,310,000, ada zikaingiza 1,845,000, na michango ya wageni 720,000, jumla 4,875,000. Tulitumia ukuta 1,915,000, gari la safari 1,260,000, vifaa 410,000, vikao na mawasiliano 285,000, jumla 3,870,000. Salio ni shilingi 1,005,000. Mimi mwenyewe sijachukua posho hata ya siku moja, na mtunza hazina ni shahidi.

Ada inaniuma zaidi ya ukuta. Ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Wanachama 64 wangelipa wote tungekusanya 3,840,000. Waliomaliza ni 23. Waliolipa kidogo kidogo ni 17, jumla yao shilingi 465,000. Waliobaki, 24, hawajatoa hata senti. Deni la mwaka ni shilingi 1,995,000, ambazo zingelipa ukuta wote na kubaki chenji, na banda tungekuwa tunalijenga sasa. Nimesikia hoja kwamba watu hawalipi kwa sababu hawakuridhika na kubomolewa ukuta. Daftari linasema vingine: kati ya hao 24, 19 hawakulipa pia mwaka jana, ukuta ukiwa umesimama.

Mahudhurio ndiyo hayo hayo: 19 kikao cha kwanza, 14 cha pili, 11 cha tatu. Wanaokuja ni wale wale, na karibu wote ni mafundi na vijana wa mafunzo. Walimu wetu wa historia na waongoza wageni, ambao ndio wanaouhitaji ukuta huu kuliko mtu yeyote, nimewahesabu wanne kwa mwaka mzima. Mgeni akiuliza kwa nini katikati kumejazwa mawe madogo badala ya udongo, mwongozaji asiyefika kiwanjani atamjibu nini?

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia na ada zikiingia, kulianza banda, kuweka kibao cha maelezo kwa Kiswahili, na kuongeza kipande kingine cha ukuta chenye mahali pa mlinzi kando ya mlango, ambapo vijana wa mafunzo watajifunzia. Tumeanza pia kuwazia safari nyingine Migori, safari hii kwa walimu. Tarehe na gharama zitajulikana baadaye.

Nawashukuru wajumbe sita wa kamati waliosimama nami, na pia yule mmoja aliyepinga, kwa sababu alipinga ndani ya kikao na Julai akaja kubeba mawe kwa siku tatu. Kusafisha ukuta na kung'oa miche ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, kila mtu na panga lake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti